Mbegu za Mama Zimekataa Kuota

Kalemie, mwanzo wa mvua

Yaya wangu Kaite, mkubwa wangu,

Nakusalimu kwanza. Kifua chako kimepoa? Watoto wanasoma? Baridi ya Kirungu isiwaonee. Sisi huku tunaamka, tunafanya kazi, tunalala. Linalonenepa ni joto peke yake.

Mbegu za maua ya Mama ulizonitumia nizipande kaburini kwake nilizipata. Uliandika kwamba ni kaidi, nizisugue kwenye jiwe. Nilizisugua, nikazilaza katika maji. Hazikuota. Nikafikiri labda zinataka baridi ya mlimani kwenu, nikamwomba jirani yangu Mama Feza, muuza samaki, nafasi katika frigo yake. Alicheka mpaka akakaa chini. “Ee, citoyenne! Wewe unatia maua mu frigo; miye samaki yangu ya mikeke niipande ku makaburi?” Lakini alinipa pembe moja. Baadaye nilizipanda katika makopo, kivulini, nikamwagilia kila asubuhi. Udongo tu.

Juzi mjomba alipita akielekea Kabalo. Nilimpeleka kaburini. Akatazama makaburi ya jirani yenye maua, kisha letu, jekundu na tupu.

“Kabwe, mama yako hakuzala?”

“Mjomba, mbegu zinakataa.”

“Mbegu haiwezi kukatala kaburi. Watoto njo wanakatala.”

Akasema siku ya kuondoa matanga atayarudia maneno hayo mbele ya ukoo wote.

Nilirudi nyumbani nikapasua mbegu iliyobaki kwa wembe. Ndani ilikuwa kahawia, kavu kama karanga iliyokaangwa. Nikanusa kitambaa ulichozifungia: moshi. Yaya, ulizitundika juu ya mafiga pamoja na mbegu za mahindi! Mahindi huvumilia. Hizi Mama alizihifadhi ndani ya kibuyu, mbali na moto. Ungelijua kama ungeliingia nyumbani mwake alipokuwa mzima. Ni mlango wa tatu kutoka kwako.

Alipokuja kwangu akaugulia huku, hukuja. Kumzika hukuja. Ulituma mbegu, nazo zilikuwa zimekufa.

Usitume nyingine. Mizizi ya ua hilo haifi kiangazi. Chimba shina moja uani kwake, lifunge na udongo wake katika jani la mgomba, ushuke nalo Moba, upande mashua, ulilete mwenyewe kabla ya matanga. Usipokuja, nitamjibu mjomba kwamba Mama alizaa, lakini alizaa mmoja.

Nisalimie shemeji, na shangazi mwenye mbuzi, na mtoto wako aliyerithi jina la Mama.

Mimi mdogo wako, ambaye bado anakuita yaya,

Kabwe