Kiyoyozi Kilichoshushwa Paani

Sop Sop,
Tororo, Uganda.
16 Februari 2025.

Mpendwa mwanangu Phillip,

Pokea salamu zangu na za mama yako mkubwa Apio, aliyeketi hapa karibu akichambua maharagwe na kunionya nisiwe mkali. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Doha, wewe na mkeo Lillian, na kwamba mgongo uliokusumbua wakati wa Krismasi umepona. Sisi tunalala na kuamka kwa neema ya Mungu. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kila siku, lakini mvua yenyewe haiji.

Nakuandikia kwa Kiswahili, wala si kwa Kidhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, ili Lillian naye asome bila kutafsiriwa. Tena naandika kwa kalamu kwa sababu kila ninapokupigia simu unasema, "Baba, niko kazini, nitakupigia." Sasa iambie karatasi hii kwamba uko kazini.

Kiangazi cha mwaka huu kimekuwa kikali. Mihogo imesinyaa, na mbuzi wanalala kutwa nzima ubavuni mwa ghala wakifuata kivuli. Ikifika saa nane mchana hakuna mtu njiani. Ndiyo saa ninayotaka kukueleza habari zake.

Mama yako Akumu bado anaishi ndani ya gari-nyumba la baba yako. Lillian hajaliona gari hilo, kwa hiyo namweleza yeye. Ni gari kuukuu, refu, jeupe, lenye kitanda, jiko dogo na meza ndani yake. Wazungu wawili wazee walikuja nalo kutoka kwao, giaboksi ikawafia Malaba, wakamwuzia baba yako, mdogo wangu marehemu Oboth, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa vyumba vya barafu vya samaki kule Majanji. Alilikokotesha hadi hapa, akalisimamisha juu ya mawe, na hakujenga tena. Watu walimcheka sana. Mzee Olweny, mkuu wa ukoo wetu, alimwuliza mbele ya watu, "Oboth, siku ukigombana na mkeo, ni yeye atakayeondoka au ni nyumba?"

Juu ya paa palikuwa na kiyoyozi, sanduku jeupe lenye ukubwa wa jeneza la mtoto. Bila hicho, gari lile ni sufuria yenye kifuniko. Umeme wake ulitoka nyumbani kwangu kwa waya. Baba yako alikitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa. Kila Jumamosi alitoa chujio na kuliosha kwa sabuni. Kisha alipanda paani na kitana cha mama yako, akanyoosha vile vipande vyembamba vya bati vinavyopitisha upepo, kwa maana vikilala, hewa haipiti. Mama yako alinung'unika kwamba kitana chake kinanuka vumbi. Hakuwahi kununua kingine.

Alifia humo ndani mwezi wa Aprili mwaka jana, mchana, kiyoyozi kikivuma. Mwajiri wako alikunyima ruhusa ya kuja kuzika, nami sikulaumu kwa hilo. Lakini kuna jambo hukuliona, nawe ni mtoto wa kwanza, lazima ulijue.

Wazee walibishana karibu siku nzima kama gari lile ni nyumba. Lisipokuwa nyumba, basi ilitupasa kumjengea kibanda kabla ya kumzika, maana mwanamume hatoki duniani akiwa hana paa. Olweny ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Nyumba ni pale mtu anapolala na kuamka. Magurudumu ni miguu yake tu." Ndipo tukamzika kando ya mlango.

Na kama ni nyumba, desturi ya ukoo wetu ni ile ile. Mwenye nyumba akifa, kile kinachosimama kileleni mwa paa hushushwa. Wa kurudisha kitu kileleni ni mwanawe wa kwanza, wala si mwingine, na kaka wa marehemu hapandi kabisa paa la mdogo wake. Nyumba za nyasi zina kijiti. Nyumba ya Oboth ilikuwa na kiyoyozi. Vijana wa ukoo wakakishusha, wakakiweka ghalani kwangu, wakaziba tundu kwa turubai na mawe. Waya niliuchomoa mimi mwenyewe, nikaukunja na kuuweka chini ya kitanda changu. Uko huko hata sasa.

Phillip, kiyoyozi kile kinavuma.

Sisemi mambo ya walevi. Nilikuwa mwalimu ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, hadi nywele zikageuka rangi, na ni mzee wa kanisa. Jua likiwaka sana, mlio ule ule hutoka ndani ya gari, na ule mshtuko wake mdogo wa kuanzia. Apio ameusikia. Mbuzi wameusikia pia, kwa maana huinuka. Mwanzoni nilisema ni turubai linapigwa na upepo. Nikatoka kutazama. Hakukuwa na upepo wowote.

Mama yako hashangai. Nilipomsihi aje kukaa nyumbani kwetu alinijibu kwa utulivu, "Shemeji, mashine inafanya kazi bado. Nitaondokaje nikaiacha inawaka? Phillip akija ataizima, nami nitatoka." Anajifunika blanketi saa nane mchana. Nesi wa zahanati alimpima na kuniita pembeni: damu yake inakimbia mno, na joto la ndani ya bati lile litamwua kabla mvua hazijafika. Wiki iliyopita Apio alimkuta sakafuni. Alizinduka, lakini hakumtambua Apio mpaka alipomwagiwa maji.

Kisha kuna maji. Matone huanguka kitandani, mahali pale pale alipokuwa akilala baba yako, katika kiangazi hiki ambacho hata umande hatuuoni. Watu walipoanza kusema kwamba marehemu analia, nilimwita fundi.

Ni Mteso wa Busia anayeitwa Engole, aliyefanya kazi chini ya baba yako kule Majanji. Alitambaa chini ya gari, akapanda ngazi bila kugusa paa, akashuka akijipangusa. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, ingawa yaliniuma masikio. "Mwalimu, hakuna shetani hapa. Gari nalala upande. Mvua ya mwaka jana iliingia kwa ile tundu, ikakaa ndani ya sponji ya dari. Sasa jua naikamua."

Nilimwuliza kwa nini gari limeinama, ilhali baba yako alilipima kwa pimamaji. Alinionyesha kwa kidole. Udongo wa kaburi umeshuka, nao umeyavuta mawe ya upande ule. Nyumba ya baba yako inamwinamia.

Nilimpa Engole kile kiyoyozi akitengeneze chini, uani kwangu, kwa maana kufunga paani siwezi, lakini kutengeneza hakujakatazwa. Alikifungua mbele yetu. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya feni. Kapasita, kile kifaa kinachoipa mota nguvu ya kuanza, kilikuwa kimevimba kama chura, akaweka kingine. Ule mpira unaokaa kati ya mashine na paa ulikuwa umekauka na kupasuka. Ameleta mpya, ukae tayari. Chujio lilikuwa safi. Baba yako aliliosha Jumamosi yake ya mwisho.

Engole alipofika kwenye vile vipande vya bati aliuliza, "Mama, hakuna kitana hapa?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida, akimwambia Apio. Gari liko mbali na ua wetu, upande wa pili wa shamba la mtama. Dirisha la gari likafunguka, mkono wa mama yako ukatoka, umeshika kitana. Apio alikwenda kukichukua.

Ndipo mlio ukaanza kule. Engole, mtu mwenye maelezo ya kila kitu, aliinua kichwa. Mashine ilikuwa imelala mbele yake, tumbo wazi, waya nje. "Nani amewasha?" akauliza. Apio akamwambia, "Wewe ndiye fundi, tuambie." Hakucheka. Alichana vile vipande hadi mwisho akiwa ametupa gari kisogo.

Alipomaliza, niliutoa waya chini ya kitanda, tukaunganisha umeme. Kiyoyozi kikashtuka kidogo, kikavuma, kikatoa baridi iliyofika miguuni kwangu. Na papo hapo, kule kwenye gari, pakawa kimya.

Mama yako alijitokeza mlangoni. Sikuwa nimemwona juani tangu Novemba. Alisimama juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika mlango, akatutazama kupita juu ya mtama. Akaita, "Shemeji! Phillip amefika?"

Apio ndiye aliyejibu. "Bado, mama Phillip."

"Basi msiizime," akasema, akarudi ndani.

Lakini umeme wa nyumba yangu hauwezi kuchezewa uani siku nzima. Engole alichomoa waya. Mashine yetu ikanyamaza, na kule kwenye gari mlio ukaendelea, kana kwamba ulikuwa umepumzika tu.

Kiyoyozi kimefungwa kwa magunia, kiko ghalani kwangu, kizima. Engole anasema kwanza gari lisimame sawa, ndipo kipandishwe, la sivyo maji yatarudi kitandani. Ili kulinyanyua lazima jeki isimame ukingoni mwa kaburi, na hapo pia mguu wa kwanza ni wako. Yeye atakusaidia, ameniahidi, ila anataka iwe asubuhi.

Olweny nimemwomba atulegezee desturi, nikamweleza maneno ya nesi. Alifikiri sana. Alisema angeweza kukubali kijana mwingine apande, lakini akauliza: mashine ikishapanda, nani atamshawishi Akumu kwamba aliyeizima ni mwanawe? Kwa hiyo nakuita. Omba ruhusa upya, na wakikukatalia, tupime wote wawili uzito wa kazi na uzito wa mama. Usilete zawadi. Lete mikono.

Mwambie Lillian asiogope. Chumba cha kulala wageni kiko nyumbani kwetu, wala hakuna anayemtaka alale kule. Apio anamsalimu na kumwekea karanga. Olweny anakusalimu. Engole pia anakusalimu, akisema wewe ulimwibia bisibisi ulipokuwa mdogo. Mama yako nilimwambia nakuandikia. Alisema nikuambie uvae sweta utakapoingia, ndani kuna baridi.

Mungu aliyemlaza baba yako bila maumivu akufungulie njia, akufikishe mvua zikiwa bado mbali na mama yako akiwa bado anajua jina lako.

Mimi ninayekupenda na kukungoja,

Baba yako mkubwa,
Yokana Opendi.