Sega la Jumamosi

Shituru, Likasi, 8 Aprili 1962

Mama mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Miguu yako inaendeleaje tangu mvua zilipopungua? Huku sisi tuko wazima. Mtoto anapiga teke hasa wakati wa misa, na mkunga anasema atazaliwa Agosti.

Nataka kujifungulia kwako, Mama, nawe unajua kinachozuia. Urbain hawezi kukanyaga nyumbani kwako wala kula nawe kabla hujampikia chakula cha kumwingiza mkwe. Miezi saba sasa nakuomba, nawe unanijibu habari za mihogo. Nizae kwako mume wangu akisimama barabarani kama mgeni?

Haya, naacha, nisikuudhi. Nina habari nyingine. Frère Théodore, yule mtawa wa misheni, ameanza mafunzo ya ufugaji nyuki hapa parokiani, kila Jumamosi alasiri. Kuna benchi la wanaoanza na benchi la wazoefu. Uliniambia kwamba katika mizinga kumi na minne aliyoacha marehemu Baba, minne tu ndiyo ina nyuki. Njoo hata mara moja. Wala usiogope kukutana na Urbain, Jumamosi yuko kiwandani mpaka jioni.

Binti yako,
Émilienne

Koni, 15 Aprili 1962

Kwako binti yangu,

Barua nimeipata kwa mkono wa Germain, dereva wa lori. Miguu inauma lakini inatembea. Wewe kula mboga, usishinde na chai.

Frère atanifundisha nini mimi? Baba yako alipanda miti na mwenge mkononi miaka thelathini, na mimi nimempokelea ndoo chini miaka hiyo yote. Tulikata asali yote, tukafunga mzinga, basi. Zamani nyuki walirudi. Siku hizi wanaondoka moja kwa moja, wananiachia mizinga mitupu ya magome, na nikiitazama nasikia kama baba yako anakufa mara ya pili. Kwa sababu hiyo tu nitakuja. Nitakuja na mzinga wangu wenye nyuki wake ndani, ili huyo Frère aone kazi. Na wasinikalishe benchi la wanaoanza!

Habari ya chakula cha mkwe, nimesikia. Uliolewa Septemba, barabara zimefungwa kwa vita, na hata mtu mmoja wa kwetu hakupita. Nilisikia habari za harusi yako kutoka kwa muuza samaki. Usinikimbize.

Mama yako

Koni, 29 Aprili 1962

Émilienne mwanangu,

Umelala salama? Jana sokoni sikukusimulia ya njiani, na baada ya kuachana nawe nimeona mambo zaidi! Nimecheka mpaka mbavu zinauma, kwa hiyo sikusubiri hata wiki ipite.

Kwanza, kizuizi cha darajani asubuhi. Askari jandarme mmoja akaona mzinga wangu nilivyoufunga kwa gunia. Akaniuliza, "Mama, mu gunia muko nini?" Nikamwambia, "Muko nyuki." Akakasirika: "Unadanganya! Fungula!" Nikamwambia tena, akanifokea tena, nikafungua kidogo, upana wa kidole. Mwanangu, kizuizi kilibaki bila jandarme! Kofia mbili zilibaki barabarani. Germain alipita bila kuonyesha karatasi.

Parokiani walitugawia kofia za wavu zinazofunika uso wote mpaka mabegani. Frère mwenyewe hakuonekana, eti ana homa. Aliyeongoza ni msaidizi wake, kijana mrefu, naye ndani ya wavu. Akawasha matambara kutoa moshi. Matambara! Nyuki wakaanza kuvuma kwa hasira. Nikamnyang'anya bomba la moshi, nikatia uyoga mkavu wa mtini kama tufanyavyo sisi, na nyuki wote wakatulia. Nilidhani atanuna. Badala yake akawaita wanafunzi wote waje wanuse.

Halafu zamu yake. Nikaingiza mkono nikate masega yote, akanizuia. Nikamwambia, "Weye mutoto, unajua nini? Miye nilianza kukata asali mbele mama yako akuzale!" Akanijibu kwa upole, "Mama, ukibeba yote, batakula nini? Batakimbia tu." Akanionyesha masega ya katikati yenye majana, wale watoto wa nyuki, na asali kidogo kandokando. Hayo tunayaacha. Tulibishana mpaka mabenchi yote mawili yakatuzunguka. Émilienne, yule kijana amesema kweli. Miaka thelathini tumewatoa watoto wao pamoja na chakula chao, kisha tunashangaa kwamba wamehama.

Mwishoni alikata sega moja la asali nyeupe, akalivunja vipande viwili, tukala wote wawili, tukiingiza mikono chini ya wavu. Germain akapiga honi, nikakimbia hata bila kumuuliza jina. Mwanamke aliyezaa kijana yule ana bahati.

Mama yako mwenye furaha

Shituru, 2 Mei 1962

Mama yangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Yule kijana ni Urbain.

Frère alipoamka na homa alimwomba amshikie darasa, na Urbain akabadilishana zamu na mwenzake. Hakukujua. Alirudi nyumbani akiimba, akanisimulia habari za mama mmoja hodari wa Koni mwenye uyoga wa mtini. Sufuria iliniponyoka. Nilipomwambia, alikaa mlangoni akashika kichwa. Amekula na mkwe wake kabla ya kuingizwa, tena amebishana naye mbele ya watu! Tangu Jumamosi hagusi chakula, anasema amekuvunjia heshima na hutamsamehe. Ametafuta kuku mweupe wa faini, lakini hathubutu kukuletea.

Mama, kosa ni langu, niliyekuambia yuko kiwandani. Niandikie.

Émilienne

Shituru, 20 Mei 1962

Mama,

U mzima? Germain anasema anakuona shambani, unamsalimia, lakini barua humpi. Hii ni wiki ya tatu. Nitukane, lakini usininyamazie. Naogopa.

Binti yako

Koni, 27 Mei 1962

Kwa Urbain, Shituru

Mwanangu,

Nakusalimu wewe leo, na mke wako atasoma baada yako. Umeanza kula? Mwanaume wa zamu za kiwanda hawezi kushinda njaa kwa ajili ya kipande cha sega.

Nilinyamaza kwa aibu. Siku tatu sikutoka nje. Halafu nikakasirika, nikamwendea shemeji yangu Adrien anihesabie makosa yako. Alicheka mpaka akamwaga pombe yake, akaniambia, "Belle-sœur, muliisha kula pamoja. Sasa unangoja nini tena?"

Nikarudi nyumbani nikifikiri. Hasira yangu haikuwa kwako. Nilitaka kucheza kwenye harusi ya binti yangu wa pekee, barabara ikanizuia, na barabara huwezi kuinunia. Nikakununia wewe, mtu nisiyemjua hata sauti. Nisamehe, mwanangu.

Kuku mweupe mle wenyewe, mama mjamzito apate mchuzi. Ule mzinga tuliofungua pamoja nimeutundika tena mtini, na nyuki hawajaondoka. Jana nilikata asali ya mizinga mingine miwili vile ulivyonionyesha, na asubuhi hii nyuki wote wamo, wanafanya kazi. Nililia pale chini ya mti.

Jumapili ijayo nitakupikia bukari ya unga wa muhogo na samaki wa mto Lufira. Adrien atakuwepo, na wanawake wa jirani wameshaanza kuuliza watavaa nini. Utaingia kwa mlango wa mbele, utakaa kwenye kiti cha baba yenu. Émilienne abaki kwangu mpaka mtoto aje, nawe utakuja kumwona kila ukipata lori.

Njoo bila wavu. Nataka kuuona uso wako ukila.

Mama yako,
Gertrude