Choo Kwanza, Ploti Baadaye

Jumatatu, 4 Machi 1996

Soko tena. Sijashuka vizuri kwenye baiskeli, Mama Akinyi anayeuza dagaa wa omena amenishika mkono. Choo cha soko kimejaa. Kimejaa tangu Krismasi. Nikamwambia najua.

"Unajua. Na sisi tunaenda wapi?"

Wanaenda kwenye mahindi ya watu. Wanawake wazima, wengine wana wajukuu, wanachuchumaa kwenye mahindi. Lakini karani wa ushuru hakosi hata asubuhi moja.

Jioni nimesikia mwenyekiti wa baraza amempeleka mpimaji kwenye uwanja wa nyuma ya soko. Anataka kuukata wote uwe ploti, pesa zijenge afisi ya ghorofa. Ghorofa! Nimechoka na udiwani na sijamaliza hata muhula mmoja.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao cha baraza. Nilisema yale yale ya kampeni: choo kwanza, mtaro kwanza, ploti baadaye. Ushuru wa soko urudi sokoni. Chemchemi tunayokunywa iko katika uwanja ule ule. Wakijenga pale bila mtaro, tutakunywa nini? Wanaume wote walinitazama kama nimepanda na viatu mezani.

Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho. "Mama, ni mgeni gani wa heshima atakuja kukata utepe mbele ya choo?"

Wakacheka wote. Hata katibu. Kura imeahirishwa kwa sababu madiwani hawakutimia. Bahati tu, si akili yangu.

Nyumbani nikaosha sufuria kwa kishindo. Marwa, mume wangu, akauliza sufuria imekosa nini.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji Chacha amekuja kutoka Isebania na sukari na kreti ya soda. Ni mdogo wake Marwa. Ana lori la kusafirisha mahindi na siku hizi anatafuta pa kujenga duka la jumla. Nilijua shida yake kabla hajaketi. Mwenyekiti amemwahidi ploti ya kona, ile inayotazama barabara. Sharti ni mimi nifunge mdomo.

"Shemeji, ni lori yangu ilikuzungusha wakati wa kampeni."

Kweli. Alifunga spika juu ya lori akalitangaza jina langu mpaka sauti ikamkauka. Nampenda Chacha, hilo ndilo linalonikera. Nikamwambia mkono wangu wa kura atauona ukiinuka siku choo kitakapochimbwa. Akamgeukia Marwa, wakahamia Kikuria. Nyumba hii huongea Kiswahili kwa ajili yangu mimi Mjaluo. Wakihamia Kikuria najua nasemwa.

Marwa hakunitetea. Hakunilaumu pia. Alikunywa soda. Mzee mzima, chupa mbili!

Jumanne, 19 Machi

Mkutano wa wadi. Nilidhani watu wangu wako nami. Mjinga mimi. Vijana wanataka ploti. Wazee wanawatakia vijana wao ploti. Hata wenye mahindi yanayochafuliwa wanataka ploti. Nikaeleza maji yatatoka wapi, taka zitakwenda wapi. Kijana mmoja wa nyuma, mwenye fulana nyekundu, akapaza sauti: "Nyar Kosele, rudi kwenu ukazuie maendeleo ya huko!"

Binti wa Kosele. Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, nimezika mtoto hapa. Bado ni wa Kosele.

Nilisema hadi mwisho. Waliopiga makofi ni wauza omena peke yao.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua kubwa. Choo kimefurika. Uchafu umepita katikati ya vibanda vya nyanya, ukateremka hadi kwenye chemchemi. Nimesimama pale na gambuti zangu. Watu wanachota maji hatua chache tu kutoka hapo. Nikapiga kelele wasichote. Wengine wakaacha. Wengine wakasubiri niondoke.

Jumatatu, 1 Aprili

Watu wanaharisha. Mama Akinyi amepelekwa hospitali kwa mkokoteni, macho yameingia ndani. Bwana Afya amefunga soko.

Na lawama? Zangu! Kijana wa fulana nyekundu amenisimamisha barabarani kuniuliza kwa nini soko halina choo. Yeye! Nimecheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Baadaye nikalia.

Alhamisi, 4 Aprili

Mama Akinyi yuko hai. Amewekewa maji ya mshipa. Kwa sauti ndogo ameniuliza kama soko limefunguliwa, omena yake itaharibika. Nikamwambia anyamaze alale. Hakunyamaza. Nikatoka nimefurahi.

Nimepitia nyumbani kwa mwenyekiti. Leo hakucheka. Baa yake ya pale sokoni pia imefungwa. Tumepatana, na sipendi tulivyopatana. Ploti zikatwe upande wa barabara tu. Sehemu ya chemchemi izungushiwe ua. Pesa za kwanza zichimbe mtaro na choo, ghorofa ingoje. Mimi nitainua mkono kuunga.

Bwana Afya anasema choo lazima kikae pale ardhi inapoteremka mbali na chemchemi. Kona. Ploti ya Chacha. Nimekubali. Nusu ya niliyoyaahidi nimeipata, nusu nimeiuza. Sijui nusu ipi ni kubwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Hoja imepita, kwa kura moja. Yangu.

Wauza omena wanasema nimeuza uwanja. Vijana wanasema nimeuiba. Mwenyekiti anawaambia watu choo kilikuwa wazo lake. Achukue!

Chacha alifika mlangoni, hakuingia. "Choo, shemeji. Mahali pa duka langu umeweka choo."

Nilitaka kumweleza mteremko. Nani anasikiliza mteremko? Marwa akamfuata hadi barabarani, akarudi peke yake.

"Mimi ningempa ile kona," akasema.

"Ndiyo maana hawakukuchagua wewe."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Ugali umebaki nusu.

Jumapili, 16 Juni

Marwa ameenda Isebania. Mtoto wa Chacha anabatizwa. Nimealikwa na mkewe, si na yeye, kwa hiyo nimebaki. Nimetuma kuku. Marwa ameondoka naye chini ya kwapa, akasema atamwambia Chacha anatoka kwangu, akubali asikubali.

Baada ya kanisa nimepita sokoni. Si siku ya soko, vibanda vitupu. Mtaro umeisha, unapitisha maji. Chemchemi ina ua wa miti, mbuzi ameshapata pa kupenya. Kwenye kona choo kimesimama, ukuta bado haujapakwa rangi. Hakuna aliyekuja kukata utepe.

Nimeingia. Kumbe sikuwa nimewahi kuingia. Mlango una komeo kwa ndani. Nimeufunga. Manyunyu yakaanza juu ya mabati. Nimekaa zaidi ya haja yangu. Hapakuwa na wa kuniita diwani, wala Nyar Kosele, wala shemeji.

Mtu akakohoa nje, akagonga kidogo.

Nikasema, "Kuna mtu."

Akangoja.