Bahasha Mbili Kwenye Mkebe wa Biskuti

Jumamosi, 19 Julai. Baridi, mawingu mazito, manyunyu tangu alfajiri.

Kosa wanalofanya watu wengi wanapocheza vita mezani ni kudhani kwamba anayesubiri hapotezi kitu. Anakaa ndani ya handaki lake, hasogezi askari hata mmoja, anamwachia mwenzake achoke. Anajiona mwerevu.

Kwenye meza yetu, zamu moja ni siku moja, na kila siku inapokwisha hurushwa dadu ya maradhi. Hurushwa kwa aliyesogea na kwa asiyesogea. Malaria, kuhara, funza miguuni. Katika vita vya Wazungu vilivyopiganwa huku kwetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi, na wengi wao walikufa wakiwa wamekaa kambini wakingoja amri. Jambo hilo nililifundisha darasani mpaka siku niliyostaafu.

Kisha kosa hilo la kusubiri nikalifanya mwenyewe kwa miezi minane.

Jaswant alifariki Jumatano.

Kwa wale ambao hawajawahi kusoma ukurasa huu, nieleze kwanza huyu ni nani. Tulikutana mjini, mbele ya zile sanamu za shaba za askari na mpagazi pale barabara ya Kenyatta. Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi wangu, nikawa nawaeleza kuhusu bunduki iliyo mkononi mwa askari, na Kalasinga mmoja mwenye kilemba cha buluu akasimama nyuma yao kusikiliza. Nilipomaliza akaniambia, "Mwalimu, umesema vizuri sana. Lakini hiyo bunduki umekosea." Alikuwa na duka la vipuri vya magari mitaa miwili tu kutoka hapo. Akanionyesha kosa langu mbele ya wanafunzi arobaini, kisha akaninunulia chai.

Urafiki wetu ulianzia kwenye chai hiyo, na tangu hapo kila Jumamosi ilikuwa yetu.

Meza yetu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya stuli nne, katika chumba cha nyuma hapa kwangu mtaa wa Jamhuri. Juu yake tumejenga nchi ya karibu na Taveta kwa unga wa mbao na gundi: kilima kimoja kikavu, vichaka, njia ya mchanga, na upande wa chini mto uliopakwa rangi ya kijani. Askari ni wa madini ya risasi, kila mmoja mdogo kama punje ya hindi, na Jaswant aliwapaka rangi kwa brashi yenye nywele tatu. Wapagazi ni vifungo vya shati kutoka kwenye kopo la mke wangu. Kifungo kimoja ni wapagazi kumi. Mama Mutheu, mke wangu, alizoea kupita mlangoni na kusema, "Wazee wawili wazima, mnacheza mlango."

Tulikuwa na kanuni zetu kwenye daftari. Iliyo muhimu kuliko zote ni ya tatu, na ni mimi niliyeiandika. Kila mchezaji huandika amri zake kwenye karatasi, hufunga ndani ya bahasha, na kuiweka kwenye mkebe wa biskuti. Kisha tunakunywa chai. Baada ya chai tunafungua bahasha zote mbili kwa pamoja, na hakuna anayeweza kubadilisha hata neno moja. Wakati wa chai una ruhusa ya kusema lolote. Unaweza kutamba, kutisha, kudanganya, kumfanya mwenzako aamini unakwenda kulia wakati umeandika kushoto. Kinachosemwa mezani ni mchezo. Kilicho ndani ya bahasha ndicho ukweli.

Jaswant alikuwa hodari sana wa chai. Aliweza kukudanganya huku anakumiminia maziwa.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, mvua ikinyesha, yeye alikuwa anashambulia kilima na mimi nakilinda. Vifungo vyake vilikuwa vimetembea siku tatu bila maji. Daftari liko wazi hapa mbele yangu na hesabu inaonyesha: siku moja zaidi, nusu yao wafe. Tulikuwa tumekwisha kuweka bahasha mkebeni. Nikamwuliza kama anakusudia kweli kuwapandisha kilimani wakiwa na hali hiyo.

Akakoroga chai yake. "Nitapandisha wote, Mwalimu. Hizi ni namba tu. Namba haina kiu."

Sasa lazima niseme jambo ambalo Jaswant alilijua. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa kutoka Ukambani kwenda kubeba mizigo katika vita hivyo. Baba yangu alikuwa bado anabebwa mgongoni na mama yake. Babu hakurudi, na hakuna mtu aliyekuja kueleza. Pale kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, ambako nyasi hukatwa kama zulia, nimetembea mara nyingi. Sikuwahi kutegemea kumwona, kwa maana makaburi mengi pale ni ya vita vilivyofuata. Lakini sijui kaburi lingine la kwenda. Wapagazi walizikwa walipoanguka, kama walizikwa.

Babu yake Jaswant naye alikuja na jeshi kutoka Punjab katika vita hivyo hivyo. Yeye alinusurika, akapapenda huku, akaenda kwao na kurudi na mke.

Nilimwambia hivi, na naandika maneno yangu kama yalivyotoka: "Babu yako alikula, akanywa, akalala ndani ya hema, na vyote vilibebwa kwa mgongo wa babu yangu. Na wewe mpaka leo hujashuka kwenye mgongo huo."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Basi, Mwalimu," alisema.

Akaacha chai yake nusu, akachukua koti. Nikamsikia akimuaga Mama Mutheu jikoni kwa adabu zote, akimwambia mandazi yalikuwa matamu. Bahasha hatukuzifungua.

Jumamosi iliyofuata nilipanga viti viwili. Nilikaa mpaka maji ya chai yakapoa. Nikajiambia kwamba yeye ndiye aliyeondoka, kwa hiyo zamu ni yake. Wiki ya pili nikajiambia hivyo hivyo. Kufikia Krismasi nilikuwa nimejenga handaki zuri kabisa na nimeketi ndani yake.

Nimekuwa mtu wa subira maisha yangu yote. Wanafunzi walinisifu kwa hilo, wazazi wao pia. Mwezi wa pili Mama Mutheu, akitoka kusukwa nywele Kenyatta Market, aliniambia amemwona Jaswant kwa mbali mahali pa nyama choma, pale tulipozoea kukaa naye, akila peke yake. Nikasema atakuja tu, mimi nina subira.

"Baba Mutheu," aliniambia, "hiyo si subira. Hicho ni kiburi umekivalisha suti."

Nilicheka. Sikuvaa viatu.

Baada ya kuuza duka Jaswant alihamia kwa binti yake Manjit, kwenye fleti huko mtaa wa Kilimani. Niliipima njia hiyo kwenye ramani jana. Unavuka barabara ya Ngong, unapita maduka, unakunja mara mbili. Kwa miguu yangu ya uzee ni dakika arobaini. Nimewahi kusafiri siku nzima mpaka Taveta kwenda kutazama handaki lililofukiwa na mchanga, na sikuweza kutembea dakika arobaini.

Alhamisi asubuhi Manjit alinipigia simu. Ni moyo, alisema. Baba yake alikuwa anapaka rangi kitu fulani mezani, akaweka brashi chini.

Waliichoma maiti yake siku hiyo hiyo, kwa desturi yao, mtaa wa Kariokor. Ninapenda kueleza mambo, na sikuwa na mtu wa kumweleza, kwa hiyo nilijieleza mwenyewe nikiwa nimesimama nyuma karibu na ukuta: kwamba jina la mtaa huu ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kama lilivyotamkwa na vinywa vya watu wetu. Jaswant ndiye angelijua hilo na kuniongezea sentensi mbili. Moshi ulipanda, mvua ikaukandamiza, ukakaa juu ya mabati.

Leo asubuhi kengele ya geti ililia saa nne, saa ile ile ya Jumamosi zetu. Ni Manjit. Amevaa nguo nyeupe na koti la mvua la baba yake.

"Mwalimu, nimekuja kuona hiyo mlango," alisema. "Miaka yote nasikia tu mlango, mlango."

Nikampeleka chumba cha nyuma. Hakuna kilichoongezeka isipokuwa vumbi. Alizunguka meza mikono ikiwa nyuma, kama watu wanavyotembea makumbusho. Akainama kutazama askari. Nikamwambia baba yake alikuwa akiwachora mpaka masharubu.

"Kila Jumamosi alikuwa ananiuliza kama Mwalimu amepiga simu," alisema. "Nikimwambia apige yeye, anasema hapana, sasa ni zamu ya Mwalimu. Mimi sikuelewa. Nikafikiri ni mchezo wenu."

Nikamwuliza, "Alisema ni zamu yangu?"

"Kila wiki."

Niliketi kwenye kiti changu. Yeye, bila kujua, akaketi kwenye kile cha baba yake.

Kisha akaona mkebe, akauliza kama ni biskuti. Nikamweleza kanuni ya tatu. Nilieleza kwa urefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilipokuwa nikieleza sikulazimika kufanya kitu kingine. Kanuni inataka wachezaji wawili wawepo. Nikamwambia kama yuko tayari kukaa badala ya baba yake, tutafungua.

"Alikuwa amekasirika siku hiyo?" aliuliza.

"Aliandika kabla hatujagombana. Humu hamna hasira."

Akafungua ya baba yake kwanza. Jaswant aliandika Kiswahili kwa herufi kubwa, kama alivyoandika risiti za duka. Manjit alisoma kwa sauti:

"WAPAGAZI WOTE WATUE MZIGO. WASHUKE MTONI WAKUNYWE. ASKARI WAENDE NAO KUWALINDA. KILIMA TUTACHUKUA SIKU INGINE."

Nilimwomba asome tena. Akasoma.

Alikuwa ameuacha ushindi. Alikuwa zamu mbili tu kutoka kileleni, nami kule juu sikuwa na watu wa kumzuia, na alikuwa amewarudisha wote kwenye maji. "Namba haina kiu" yalikuwa ni maneno ya chai. Ilikuwa ni ile hila yake ya kila wiki, anipumbaze nidhani anapanda kilima, nami nikaichukua kama kauli ya moyo wake na kumtukania babu. Mimi, niliyeandika kanuni ya tatu kwa mkono wangu.

Manjit akanisogezea bahasha ya pili. "Na hii?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa nimesahau kilichomo. Sikusahau. Kwa miezi minane nilikijua, nikajizuia kukifikiria.

Niliisoma mwenyewe. "Bunduki mbili za rashasha, kivukoni mwa mto. Mpige risasi yeyote atakayeshuka kunywa."

Nilijua wana kiu, nilijua kiu itawashinda, na niliwawekea mtego hapo hapo kwenye maji. Mjukuu wa mpagazi. Dakika ishirini baada ya kuandika amri hiyo nilimfundisha Jaswant huruma kwa wapagazi.

Manjit alitazama karatasi, akatazama mto wa kijani, akahesabu vifungo kwa macho. Nilidhani angeondoka. Badala yake alicheka kidogo, cheko la mtu aliyelia siku tatu.

"Daddy angefurahi sana," alisema. "Angekusumbua nayo mwaka mzima."

"Ni kweli," nilimwambia. "Mwaka mzima."

"Sasa inakuwaje?"

"Sasa tunarusha dadu, tuone wamekufa wangapi."

"Lazima?"

Kanuni inasema lazima. Dadu ilikuwa mkononi mwangu, nikaishika mpaka ikapata joto. Kisha nikairudisha ndani ya mkebe, nikaufunika. Tukavisogeza vifungo kimoja kimoja mpaka mtoni, yeye akianzia upande wake na mimi wangu, tukavipanga ukingoni. Nilizitoa zile bunduki mbili nikazitia mfukoni. Ni mara ya kwanza nimevunja kanuni kwenye meza ile, na mtu ambaye angenizomea hayupo.

Mama Mutheu alileta chai. Manjit alikunywa yote.

Ameondoka sasa. Ameniachia kile kitu alichokuwa akikipaka rangi Jaswant siku ya Jumatano, amekifunga kwa karatasi ya shashi. Ni mpagazi wa risasi, mrefu kama punje ya hindi, na mzigo kichwani. Ana uso. Mguu mmoja bado haujapakwa rangi. Nimemweka mtoni pamoja na vifungo.

Je, ningemwambia nini kama ningekwenda mwezi wa pili, Mama Mutheu aliponiambia? Nadhani ningesema tu kwamba nimekuja tufungue bahasha. Maneno hayo yangetosha.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu unayemngoja aje kwanza, naye yuko hai, haijalishi zamu ni ya nani. Vaa viatu, uende ukabishe mlango wake leo.