Nduwa Iliyogeuka Kijani

Masama, Hai
18 Februari, 1996

Mpendwa Dada Zita,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, na kwamba lile goti limepunguza ubishi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Redempta anakusalimu sana. Mimi pia mzima, ila kitambi kimeanza kunitangulia. Wanangu wanasema kinafika kanisani kabla yangu.

Barua yako nimeipata. Umesikia kwamba mtambo wa gesi wa mwanao Herieth umetia sumu maji ya watu, na unaniagiza nimpakie kwenye basi arudi kwako kabla hajatuaibisha zaidi. Dada, kaa kitako kwanza. Nikimaliza kusimulia, utaamua mwenyewe nani anastahili kupakiwa.

Unaikumbuka nduwa yetu, lile bwawa tunalokusanyia maji ya mfongo, mfereji wetu wa kutoka mlimani, ili asubuhi kila mtu amwagilie kwa zamu? Mwezi uliopita, joto likiwa kali, maji yake yaligeuka kijani. Siku ya tano yakawa mazito kama mlenda, yananuka. Ndama wa Mzee Eliezeri, mwenyekiti wetu wa mfongo, akayanywa na akafa siku ile ile. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata mwanao. Shimo lake la gesi ya samadi tunayopikia liko hatua chache tu kutoka pale, kwa hiyo wakasema limevuja. Kikao kikapangwa Jumamosi, wiki tatu mbele: shimo lifukiwe. Shimo alilolichimba na kulijengea kwa mikono yake miezi minne!

Ningekuwa mimi ningelia. Herieth hakulia (hilo hakurithi kwako, nisamehe). Alipita nyumba hadi nyumba akionya kwamba asinywe mtu wala mnyama, hata maji yakichemshwa, maana sumu ile haiogopi moto. Alitueleza kuwa utando ule ni mwani, vimea vidogo visivyo na mizizi, vinavyokula jua na mbolea, na vikishiba huzaana kuliko sungura. Vingine vina sumu. Na vikifa vikaoza, maji yenyewe hukosa hewa. Kisha akauliza kwa upole ni nani aliyevilisha. Mimi nikapaliwa na chai.

Halafu, badala ya kukaa kusubiri kikao, akavaa mifuko ya plastiki mikononi akaanza kuukomba ule utando, akiuchuja maji na kuutia shimoni pamoja na samadi. Siku ya kwanza aliuzidisha, moto ukafifia hadi Redempta akarudia kuni huku akiguna. Herieth akapunguza: ndoo moja ya mwani kwa ndoo nne za samadi, akaandika kila kitu kwenye daftari. Baada ya wiki mbili, Dada, Redempta alipika mtori, akachemsha maziwa, akaweka na chai, na moto wa buluu bado unacheza! Zamani gesi ilikuwa ikiishia kwenye mtori. Nilisimama jikoni mdomo wazi, mtu mzima na mvi zangu. Uchafu uliomuua ndama ulikuwa unatupikia. Herieth mwenyewe hakujisifu. Alisema hilo ni jaribio moja tu, na ni afadhali nduwa ibaki safi kuliko sisi kupata gesi.

Sasa Dada, shikilia kiti. Siku hizi mbolea haiuzwi na ushirika peke yake, na mimi nilinunua mifuko miwili kwa mfanyabiashara pale Kwa Sadala. Nikaona kwa nini niiname kwenye kila mbuni na kikombe, wakati maji yanaweza kuibeba mbolea yenyewe hadi shinani? Nikaimwaga yote kwenye mfongo, siku ya zamu yangu. Kumbe zamu zilikuwa zimebadilishwa kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo, ambao sikwenda kwa kisingizio cha mgongo. Siku ile maji yalikuwa ya kujaza nduwa. Mbolea yangu yote ikaenda huko, na mfuko mmoja mtupu ukachukuliwa na maji. Nikanyamaza. Mtoto wako alisemwa wiki tatu, nami nakula mtori wake.

Ijumaa, siku moja kabla ya kikao, nilimkuta akichuja mwani kwa mfuko wa mbolea wenye jina langu, nililoliandika kwa mkaa mwenyewe ili usiibwe. Aliniamkia vizuri, akasema, “Mjomba, huu unachuja vizuri kuliko chandarua,” akauliza kama ninao wa pili.

Nilimpelekea wa pili. Na Jumamosi nikasimama kabla Mzee Eliezeri hajamaliza kufungua kikao, nikasema yote. Ndama wangu wa pekee sasa yuko zizini kwake. Nimetozwa madebe mawili ya mbege, na nasafisha mfongo peke yangu hadi mvua za Machi. Shimo halikuguswa, na Mama Theopista, mke wa mwenyekiti, ameshamwomba Herieth achimbe la kwake.

Basi usimwite, Dada, nakuomba. Kama ni lazima mtu apakiwe kwenye basi, nipo tayari mimi, ila nikishamaliza mfongo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Mdogo wako, mwenye mgongo uliopona ghafla,
Nikodemo