Njia ya Shambani kwa Mjomba

Jumanne, Moroni, baada ya isha

Ile programu mpya ya ramani ilinitia kiwewe leo. Kwenye ramani bapa, njia kutoka kwa Mama, Mutsamudu, hadi shamba jipya la Mjomba ni fupi tu. Sijawahi kufika huko, ila juzi nilimwambia Mama akisikia risasi akimbilie huko. Nilipojaribu kuiinamisha picha nione milima, kisiwa kizima kikapinduka.

"Rudi kwenye ramani bapa," alisema Faudhia, mwenzangu ofisini, mtu wa Mvouni, kijiji cha hapa jirani na Moroni. "Weka alama nyumbani kwenu kwanza, ndipo uinamishe polepole."

Nikafanya hivyo. Njia yote ni mlima na magenge! Na Mama na magoti yake yale...

Tangu kisiwa chetu cha Ndzuani kijitenge na serikali ya huku Moroni, simu ni za kubahatisha. Faudhia alikataa kurudi kwao, akabaki kunisaidia. Tulipiga simu kwa zamu, nyumba hadi nyumba, mpaka tukampata Mama kwa mama yangu mdogo, mjini Mirontsy. Nikamwuliza mbio kama alipanda ule mlima.

"Mlima gani, mwanangu? Nilikuja zangu hapa kwa njia ya pwani." Kisha akashusha sauti. "Na wewe Mndzuani huko Moroni, wanakutendeaje?"

Nikamtazama Faudhia, kichwa mezani kwa uchovu.

"Vizuri, Mama," nikasema. Sikumdanganya.