Kona ya Magimbi Isichomwe

Laini ya wafanyakazi, shamba la kahawa,
Ruiru
Jumatatu

Mama yangu mzazi,

Pokea mkono wangu kutoka Ruiru, ingawa leo mkono wenyewe unanuka moshi. Goti linaendeleaje? Kikohozi je, kimekuachia usingizi? Na yule mbuzi mweusi ameshazaa, au bado anatuzungusha tu? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka. Sitakuficha, maana nimeiandika barua hii mara mbili nikaichana, na hii ya tatu itakuja hivyo hivyo ilivyo.

Kwanza nina neno na msomaji. Mwakio, mdogo wangu, najua ni wewe uliyekaa kwenye kigoda hapo unamsomea mama. Humu utakuta maneno ya kukuchoma. Yasome yote. Usiruke, usijikohoze, wala usimwambie mama kwamba mwandiko hausomeki. Mwandiko wangu ni mzuri na wewe unaujua.

Haya mama, habari ndizo hizi. Nilipofika hapa, kila nyumba ya laini ilipewa kipande cha ardhi nyuma yake, upana wa vitanda vitatu. Udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, jembe likigonga linaruka. Mvua ikinyesha maji yote yalikimbilia mtaroni, kesho yake vumbi. Nilipanda kunde, zikaota za manjano, zikafa zikiwa na majani manne. Tukala posho kwa chumvi mwaka mzima, sisi wanaume watano wa nyumba moja, tukitazamana.

Jirani yangu ni mama mmoja wa Kikuyu, mchuma kahawa, tunamwita Mama Wanjiru. Alinitazama siku nyingi nikihangaika, mwisho akashindwa kunyamaza. "Wewe," akasema, "unataka hii mchanga ikupatie chakula na yenyewe haijakula? Ipatie kwanza."

Basi nikaanza kuilisha. Kiwandani, kahawa ikishamenywa, maganda yake mekundu hutupwa lundo kando ya mto, yananuka, hakuna anayeyataka. Nikayabeba kwa debe. Nikayamwaga mabichi juu ya miche, na kwa siku tatu miche yote ikaungua, kwa sababu maganda mabichi yana moto ndani. Mama Wanjiru alicheka mpaka akaketi chini. "Ngai! Umepatia mtoto uji ya moto!"

Nikajifunza kuyaacha yaoze. Nikachimba mashimo ya kina cha mkono, nikayajaza mabua, majani, jivu la jikoni, maganda yaliyopoa. Kila baada ya Jumapili moja nilikwenda Gatuanyaga, huko ng'ambo ya Thika kwenye ukame, kwa Mkamba mmoja mwenye mbuzi wengi, nikarudi juu ya lori la mkonge na gunia la samadi. Wenzangu wa lori walikuwa wakinisogezea nafasi kuliko wanavyomsogezea bwana mwenye shamba. Juu ya yote nikatandaza nyasi, nikaacha kulima-lima, nikangoja.

Mama, ule udongo ulifufuka. Mwaka wa tatu ulikuwa mweusi, nikisukuma mkono unaingia mpaka kiwiko. Nyungunyungu walikuja wenyewe, hakuna aliyewaalika. Unaweka kiganja chini ya nyasi saa saba mchana, jua likiwa kali kama huku linavyokuwa mwezi wa pili, unakuta baridi. Nilikuwa na mchicha, nilikuwa na mnavu ambao huku wanauita managu, na maboga yaliyopanda mpaka juu ya paa la choo, na mbaazi kuzunguka pande zote. Nyumba yetu ilikula, ya Mama Wanjiru ikala, na mgonjwa yeyote wa laini akitaka mboga alijua mahali pa kugonga.

Ijumaa iliyopita alikuja nyapara na watu wawili wenye reki. Kesho yake bwana alikuwa na wageni wa kuonyeshwa laini, na nyapara alitaka wakute ardhi imefagiwa kama sakafu. Akasimama kwenye bustani yangu, akainua nyasi kwa ncha ya fimbo, akatema mate.

"Huu ni uchafu," akasema. "Hapa wanaishi watu au panya? Toa yote, choma."

Nikamwambia, "Nyapara, kule kwenye kahawa tunatandaza nyasi hizi hizi kila mwaka kwa amri yako. Mbona kule si uchafu?"

"Kahawa ni ya bwana. Hii ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Basi!" akasema, kana kwamba amemaliza hesabu.

Nilishika mpini wa reki ya mmoja wao. Nyapara akanikumbusha kuwa kipande changu cha utambulisho kiko ofisini kwake, na kwamba mtu akifukuzwa bila hicho siku hizi, polisi wa barabarani hawaulizi mara mbili. Nikaachia mpini. Nakwambia ukweli, mama, niliachia, na nimejichukia kwa hilo tangu siku ile. Waling'oa mbaazi, wakakwangua nyasi na kila kilichokuwa chini yake, wakarundika papo hapo katikati ya bustani, wakamwaga mafuta ya taa.

Jumamosi wageni walipita. Walitembea kando ya barabara, hawakufika nyuma ya nyumba hata mmoja. Lundo lilikuwa bado linafuka. Jumapili nililichimbua kwa mikono. Udongo wa chini umeiva kama tofali, na nyungunyungu wamekauka, wembamba kama nyuzi. Nililia, mama. Mwakio, soma hapo: kaka yako alilia mchana kweupe, watu wakitazama.

Mama Wanjiru alikuja akachutama karibu nami. Hakunipa pole za bure. Alichukua donge la udongo, akalivunja, akaniuliza, "Hii kazi ya kufunika mchanga, ni mama yako alikufunza?"

Nikajibu, "Ndiyo, ni mama."

Jibu lile lilikuwa nusu ya ukweli. Maana ni kweli ulinifunza tangu nikiwa nakubebea kikapu, ila mimi najua nilikulipa nini.

Unakumbuka likizo yangu ya kwanza, mama. Nilikuja na viatu na kaptula iliyopigwa pasi. Vijana wa misheni walikuwa waje kunisalimu, nami nikaona aibu kwa sababu ya majani makavu, maganda ya ndizi na mabua uliyoyalaza chini ya migomba yako. Nilikuwa nimezoea amri za laini, nikadhani ndizo elimu. Nikasema mbele ya watu, "Mama, hapa wanaishi watu au panya?" Yale yale maneno ya nyapara. Hata sauti ilikuwa ile ile. Ijumaa nilipomsikia nyapara, nilidhani hasira yangu yote ni juu yake.

Wewe hukupigana nami. Ulisema tu, "Mwanangu, ardhi nayo huvishwa." Nami nikacheka, wale vijana wakacheka, nikafagia shamba lote la migomba nikachoma. Mwakio ndiye aliyenishikia kiberiti, akiwa na furaha kwamba kaka mkubwa amempa kazi. Mwaka uliofuata mkaniandikia kwamba migomba inaanguka na ndizi ni nyembamba kama vidole. Nikawajibu kuwa ni mvua tu haikutosha. Mvua haikuwa na kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi.

Na sasa nifike kwenye shida yenyewe. Jumapili hiyo hiyo, mikono ikiwa na majivu, karani aliniletea barua yako, Mwakio. Umeandika, "Kaka, furahi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitasafisha ile kona ya mama ya chemchemi na kuichoma yote, shamba liwe safi kama ulivyotufundisha. Mama anakataa lakini nitamshinda." Jumamosi hiyo ni hii inayokuja.

Utamshinda! Unamshinda nani, wewe kijana? Kona ile ndiyo kipande pekee ambacho mama alininyima. Alisimama mbele yangu na panga mkononi, na mimi na viatu vyangu nikarudi nyuma. Pale kuna magimbi aliyoachiwa na mama yake. Mwaka ule wa njaa, mahindi ya majirani yalipokauka mpaka bua, ulikula nini wewe? Ulikula magimbi ya kona ile, ukanenepa, nasi tukakutania kuwa una mashavu ya chifu. Yale majani yaliyooza unayoyaona ni uchafu ndiyo yanayoizuia chemchemi isikimbie. Ukichoma, utaona udongo mzuri mwekundu kwa wiki moja. Kisha utachota maji mbali, na mbegu ile haipatikani sokoni, si Voi, si Thika, si popote.

Nimekukasirikia sana, ndugu yangu. Lakini kila nikitafuta tusi la kukutukana naona linanifaa mimi kwanza. Wewe umefuata nilichosema. Basi fuata na hili: kiberiti kilicho mfukoni mwako, kitoe sasa hivi, kabla hujageuza karatasi, umkabidhi mama mkononi. Nangoja.

Mama, amekupa? Kama hajakupa, mwite mjomba Mwadime.

Nisamehe, mama. Sikuomba msamaha siku ile wala mwaka uliofuata, nikaisingizia mvua. Migomba ile ifunikeni tena, hata kwa majani ya jirani. Huu ni mwaka wako wa kuwaamuru wanao.

Anayekuletea barua hii ni mwana wa fundi seremala wa kule kwetu, tunafanya kazi pamoja. Anaondoka kesho kwa gari la moshi na Alhamisi atakuwa amefika kwako, Jumamosi haijaingia. Nisalimie shangazi Mkawasi, msusi wa vikapu, umwambie kile alichonipa bado hakijatoboka. Nisalimie mjomba Mwadime, mlinzi wa mfereji, aache kugombana na wanawake juu ya zamu ya maji. Dada yangu Wakesho mwambie kwamba mtoto wake nitamwona akiwa ameota meno.

Mama Wanjiru naye anakusalimu. Hakujui, lakini leo asubuhi nimemkuta ameshaanza kubeba maganda ya kahawa kwa debe lake, anayamwaga nyuma ya nyumba yangu, na nyapara alipopita alimwambia ni ya kuwashia moto.

Nami naanza upya, mama, na nina ombi. Kijana huyu akirudi, usinitumie mahindi wala kuku. Nijazie kikapu udongo wa kona ya chemchemi, uchote kule chini palipooza, pamoja na majani yake, nyungunyungu wake, na gimbi moja lenye jicho. Mwakio asiuchekeche wala asichague. Na mtu yeyote akimwuliza kijana huyo garini amebeba nini, ajibu bila kuona haya kwamba amebeba uchafu wa mama yangu.

Ni mimi mwanao, niliyekucheka mbele ya watu,

Mghendi